Sikio la Fundi Hamduni

Kwa miaka ishirini na sita, mtu wa Bunda aliyetaka kununua trekta lililokwisha kutumika alikuwa na safari moja ya lazima kabla ya kwenda kuliona trekta lenyewe. Alipita nyuma ya soko, kwenye banda la mabati la Fundi Hamduni, akamwomba amsindikize. Hakuna sheria iliyomzuia kwenda peke yake. Lakini akirudi na trekta ambalo Hamduni hakuligusa, majirani walimtazama kama mtu aliyeoa bila kuwaambia wazazi. Walimpongeza vizuri tu, halafu wakakaa pembeni kungoja limharibikie.

Hamduni alijifunza kazi yake kwenye kiwanda cha kuchambua pamba ambacho siku hizi kimebaki kuta na popo. Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akamaliza akiwa mtu wa injini. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walirudi kwao. Yeye, ambaye baba yake alikuja kutoka Tabora kushona nguo na mama yake alikuwa wa hapahapa, hakuwa na kwao kwingine, akafungua banda. Ni mtu wa mwili mdogo na mikono mikubwa iliyouzidi mwili, na ana tabia ya kufuta kila anachokishika, hata kikombe cha chai anachopewa na mkewe, kwa kitambaa kichafu kuliko kikombe.

Sifa yake ilikuwa kusikiliza. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye chuma cha injini inayounguruma, mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio la kulia, akafumba macho. Watu wote walinyamaza. Hata kuku walinyamaza, ingawa hapo huenda natia chumvi. Dakika mbili tatu zikipita, alifumbua macho na kusema kwa upole, "Silinda ya tatu, nozeli." Au, "Pampu ya maji, beringi. Ipe miezi miwili." Na kweli, mwezi wa pili ukiisha, ile pampu ilikuwa mezani imefunguliwa.

Na mwuzaji akijaribu kueleza jambo kabla ya bisibisi, Hamduni alimwinulia kiganja. "Usiniambie," alisema. "Nitasikia mwenyewe."

Alipenda sana kusema hivyo, na watu walipenda kumsikia akisema. Taratibu likawa ndilo jambo la kawaida katika biashara ya matrekta, kuanzia Bunda mpaka Musoma: akija Hamduni, mwuzaji anafunga mdomo. Alichokisikia Hamduni kitazungumzwa kwenye bei, na asichokisikia hakipo. Hakuna aliyeona ubaya wowote hapo, na wauzaji ndio kabisa hawakuuona.

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, lile sikio la kulia likaanza kuzima.

Mwamvita, mkewe, ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa anamsemesha mumewe kutoka upande wa jiko na hajibiwi, akihamia upande wa mlango anajibiwa. Akadhani ni kiburi cha uzee. Halafu siku moja birika lilichemka likapiga mluzi mpaka maji yakakauka, na Hamduni ameketi hatua mbili kutoka hapo anafuta spana. Mwamvita hakugomba. Alizima jiko, akamshika mkono, na Jumatatu wakaenda kwa daktari Musoma. Daktari alisema masikio yote mawili yamechoka, la kulia zaidi. Akaeleza kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na miaka arobaini ya injini haiwezi kurudishwa kwa vidonge.

Hamduni hakumwambia mtu. Alipoombwa kusindikiza alisema mgongo unamsumbua. Alisema ana homa. Alisema ana msiba, na misiba aliyoizusha mwaka huo ingetosha kumaliza ukoo mzima. Kazi za kufungua na kufunga vyuma aliendelea nazo bandani, kwa kuwa hizo zilitaka mikono tu. Lakini kila mteja aliyeondoka akiwa amekataliwa alimwacha na uchungu uleule, na usiku alilalia sikio la kushoto ili dunia yote inyamaze kwa pamoja.

Mwishoni mwa Oktoba akaja Sabina.

Sabina ni mkulima wa Guta, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, mjane, anayelima pamba na mahindi yeye pamoja na wakwe zake wawili wazee. Hamduni alimfahamu tangu enzi za marehemu mumewe, aliyekuwa akileta magunia kiwandani. Alimkuta Hamduni mlangoni, akamwamkia, akaketi kwenye tairi bila kukaribishwa.

"Fundi, natafuta trekta na siendi bila wewe," alisema. Alikuwa na sauti nzito na ya kutosha, na Hamduni alimshukuru Mungu kwa hilo.

"Mgongo, mama. Tangu juzi..."

"Mgongo hatuutumii. Tunatumia sikio." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nisikilize, Fundi. Nilikuwaga na ng'ombe saba wa kulimia. Watatu wakafa mwezi wa tano, hata bwana mifugo hakujua ni ugonjwa gani. Nikasema hawa wanne wasije nao wakaniishia, nikawapeleka mnadani. Sasa hela ninayo, ng'ombe sina hata mmoja. Pamba inataka iwe ardhini kabla Desemba haijakatika. Nikiingizwa mjini nikanunua chuma bovu, ni mimi na wale wazee wangu na jembe la mkono, ekari tisa. Unaona nilipo?"

Hamduni aliona. Mwamvita naye, aliyekuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, aliona, akatoa kichwa na kumtazama mumewe jicho moja refu.

"Nitakwenda," Hamduni akasema.

Sabina alipoondoka, Mwamvita alisimama upande wa kushoto wa mumewe, upande uliosalia. "Mwambie," alisema.

"Nitamwambia."

"Leo."

"Nitamwambia, Mwamvita."

Hakumwambia. Alijifariji kwamba macho anayo, mikono anayo, na la kushoto bado linashika mambo makubwa makubwa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi vifaa.

Trekta la kwanza lilikuwa Musoma, mtaa wa Mwisenge, kwenye uwanja wa dalali mmoja aitwaye Gody. Lilikuwa jekundu, limepakwa rangi mpaka kwenye nati za magurudumu, linang'aa kama pipi. Gody aliwapokea kwa soda na maneno mengi. Hamduni aliikataa soda, akalisogelea trekta, akageuza mkono na kuweka mgongo wa kiganja kwenye injini. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na chuma kilikuwa cha moto.

"Limewashwa saa ngapi?"

"Hili? Tangu juzi halijawashwa, mzee wangu."

"Basi lina homa," Hamduni alisema. "Lipeleke likapimwe."

Sabina aliangua kicheko mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. Hawakukaa hata robo saa. Mtu anayeiamsha injini kabla ya mnunuzi kufika ana sababu: injini iliyochoka huwaka kwa taabu ikiwa baridi na kutoa moshi wa aibu, ikishapata joto inajifanya kijana. Hayo Hamduni alimweleza Sabina barabarani, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sisi Guta tunafanyaga hivyohivyo kwa ng'ombe," alisema. "Unamwona asubuhi kabla hajatembezwa. Akishatembezwa, hata kiwete anaonekana mzima."

Hamduni alirudi Bunda na furaha. Trekta limekataliwa, na bisibisi haikutoka mfukoni. Akaanza kuamini kwamba mambo yangeweza kwenda hivyo mpaka mwisho, kwamba pengine hata miaka yote ile sikio lilikuwa pambo tu. Mwamvita alimuuliza kama amesema. Alijibu kwamba halikutokea jambo la kumlazimisha kusema.

La pili lilikuwa Butiama, kwa Mwalimu Danford.

Danford alistaafu ualimu miaka sita iliyopita, na sehemu ya kiinua mgongo chake aliifanya trekta. Alijilimia na kuwalimia wengine, mpaka magoti yakamkatalia kupanda na kushuka. Walishuka basi Makutano, wakachukua pikipiki mbili mpaka kwake, wakafika mapema, umande ungali juu ya boneti. Lilikuwa trekta la bluu lililopauka, lenye kutu ya kweli na mikwaruzo ya kweli, limesimama kwenye uwanja tambarare kati ya nyumba na mawe makubwa yale ya kule. Hamduni alilipenda palepale. Chombo kisichojificha humvutia fundi.

Danford aliwapa mkono, akamwangalia Hamduni kwa heshima iliyochanganyika na woga, kama wanafunzi wake walivyokuwa wakimwangalia yeye. Alikohoa. "Fundi, kabla hujaanza, kuna jambo..."

Kiganja cha Hamduni kikapanda chenyewe. Kilikuwa kimeshapanda mara mamia, hakikungoja ruhusa.

"Usiniambie, Mwalimu. Nitasikia mwenyewe."

Danford akafunga mdomo. Uso wake ukalegea, na Hamduni aliuona unavyolegea, lakini alikuwa ameshaanza kazi.

Chuma kilikuwa baridi kama jiwe. Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi kidogo, haina maji. Akafungua radieta: maji safi, hayana mafuta. Akashika magurudumu ya mbele na kuyatikisa, yakacheza kidogo tu, kwa umri ule ni haki yake. Akamwambia Danford awashe, naye akapanda kwa taabu. Trekta liliwaka mara ya pili, likatoa moshi mweupe, moshi ukakatika. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu, hakikupuliziwa, dalili kwamba pistoni bado zinabana. Akaagiza plau iinuliwe. Ikapanda na kutulia juu. Trekta likaenda mbele, likarudi nyuma, likazunguka uwanja, gia moja baada ya nyingine. Hakuona tatizo.

Wakati huo majirani walikuwa wamekusanyika, kumi au zaidi, wengine na majembe yao begani. Habari kwamba Hamduni wa Bunda yupo kwa Mwalimu ilikuwa imewafikia, nao walikuja kumwona akisikiliza. Mke wa Danford, Recho, alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama mlangoni.

Hamduni akatoa bisibisi, na uwanja mzima ukanyamaza.

Akaiweka kwenye injini. Alisikia kitu, mngurumo wa mbali, kama watu wanaozungumza nyumba ya pili. Akashuka kwenye giaboksi. Hapo ndipo siku zote alipokuwa akikaa muda mrefu, kwa sababu gia zinazochakaa hutoa mluzi mwembamba kabla hazijaonyesha dalili nyingine, na mluzi ule ndio uliomjengea jina. Akakandamiza mpini mpaka mfupa ukamuuma. Hakusikia kitu. Akahamisha kwenye sikio la kushoto, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwona akilifanya. Kimya. Mtetemo ulimfikia mkononi, lakini mtetemo peke yake haukumwambia kama mluzi upo au haupo.

Alikaa hivyo amefumba macho, jasho likimtoka kwenye asubuhi ya baridi. Aliogopa. Kila kitu alichokiona kilikuwa kizuri. Moyo wake ulimwambia kwamba trekta ni zima, kwamba Mwalimu ni mtu mwema, kwamba huyu mama atapanda pamba yake kwa wakati, na yeye atabaki Fundi Hamduni. Lilitakiwa neno moja tu, zima, na neno lenyewe alikuwa ameshalisema mara nyingi mno.

Akafumbua macho. Sabina alikuwa amesimama karibu naye na simu mkononi.

"Nimwambie Masatu aje?" aliuliza. Masatu ni shemeji yake, dereva, aliyekuwa anangojea Bunda aje kulichukua trekta. Hamduni hakulisikia swali. Alilisoma kwenye midomo, na kidole cha Sabina kilikuwa tayari juu ya jina.

"Usimpigie," Hamduni alisema.

"Lina nini?"

"Sijui." Akaishusha bisibisi. "Sabina, mimi sisikii. Sikio la kulia limekufa tangu mwaka jana, na hili jingine linafuata. Linaweza kuwa zima, linaweza kuwa bovu, sijui. Ilibidi nikwambie siku ile bandani kwangu. Niliona haya."

Aliyasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kwa kuwa viziwi hawajui kupima sauti zao. Uwanja wote ulisikia. Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

 Hasira ilimpanda Sabina taratibu, na Hamduni aliiona ikipanda, hakukwepa macho. "Nimeuza ng'ombe, Fundi," alisema. "Umenipeleka Musoma, umenileta huku, na ulijua."

"Nilijua."

"Na kama nisingekuuliza?"

 Hamduni aliipangusa bisibisi kwa kitambaa, akairudisha mfukoni. Angeweza kuondoka wakati huo, na nadhani wengi wetu tungeondoka. Lakini alikumbuka uso uliolegea.

"Mwalimu," akasema, "asubuhi ulitaka kuniambia jambo nikakunyamazisha. Nakuomba uniambie sasa."

Danford alikuwa ameshazima injini, ameshuka na kukaa kwenye jiwe. Akaangalia majirani. Akaangalia mlangoni, alipo mkewe, na Recho akakunja mikono kifuani. Midomo ya mzee ikacheza.

"Sikusikii, Mwalimu. Sema kwa nguvu."

Danford akasema tena. Hamduni akatikisa kichwa.

"Kwa nguvu, kaka yangu. Kwa nguvu."

Basi Mwalimu Danford akainuka. Alifundisha miaka thelathini na minne, madarasa ya watoto themanini na zaidi, na sauti ile ilikuwa bado imo ndani yake, aliijua ilipo. Akajishika kiuno, akaelekeza uso kwa Hamduni, akapaza.

"Gia ya pili inachomoka!"

Ndege waliruka kwenye mti wa jirani.

"Inachomoka wapi?" Hamduni aliuliza.

"Kwenye mteremko! Ukiwa umebeba mzigo! Dereva wangu alikuwa anaifunga kwa mpira wa tyubu! Mpira nimeufungua jana jioni nikauficha!"

"Na kingine?"

"Plau! Ukiiacha juu jioni, asubuhi unaikuta chini!"

"Na radieta!" Recho alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mwambie na radieta, Danford! Inakunywa ndoo nzima mpaka saa sita, na ndoo naibebaga mimi!"

Hapo uwanja mzima ukacheka, na safari hii Danford mwenyewe alicheka, akarudi kukaa kwenye jiwe lake kama mtu aliyetua gunia. Hamduni alisogea mpaka miguuni pake ili asikie yaliyobaki. Danford akayasema karibu na sikio la kushoto, lakini hakujali tena nani mwingine anasikia.

"Nilikuwa na nia ya kukwambia. Uliponikataza nikashukuru. Nikasema, kumbe si kazi yangu. Akilisikia ni lake, asipolisikia ni bahati yangu."

"Ndiyo," Hamduni alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo."

Sabina alikuwa ameyasikia yote. Alilizunguka trekta mara mbili, akapigapiga tairi la nyuma kama mtu anayempigapiga ng'ombe paja, akarudi kwa Hamduni. Hasira ilikuwa haijamtoka. Aliiweka pembeni, maana kulikuwa na kazi.

"Hizo alizosema zinatengenezeka?"

"Gia ni ule uma unaoishika na springi yake, huenda na gia yenyewe imelika meno. Plau ni mipira ya ndani, imekatika. Radieta ni kuunga. Yote hayo ni ya kufungua na kufunga."

"Una hakika, au na hapo..."

"Hapo ni mikono, mama. Mikono bado."

Aliitazama ile mikono. Kisha akamgeukia Danford, wakakaa wawili kwenye mawe, na bei ilishuka kwa kiasi ambacho Recho alikiona kikubwa mno na Sabina alikiona kidogo mno, kwa hiyo huenda kilikuwa cha haki. Ndipo akampigia Masatu.

Wakingojea basi pale Makutano, Hamduni alianza kuwahesabu wauzaji aliowanyamazisha.  Yule wa Nyamuswa aliyefungua mdomo halafu akaufunga. Yule wa Musoma aliyeanza kwa "Fundi, ukweli ni kwamba..." Wote walikuwa na jambo kwenye ulimi, na yeye aliwainulia kiganja, akajiona mtaalamu. Mangapi aliyasikia mwenyewe, mangapi hayakusikika kwa bisibisi yoyote, kama plau inayoshuka usiku watu wamelala? Aliwajua baadhi ya walionunua. Mmoja alimlalamikia mwaka mmoja baadaye, naye akamjibu kwamba hajui kuendesha. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona juu ya sikio lake.

Sabina alimnunulia mahindi ya kuchoma, akampa. Hakuwa amemsamehe, lakini njaa ilikuwa ya wote.

Hamduni alikadiria matengenezo ya siku mbili, zikawa tano. Gia ilikuwa imelika kweli, spea ikaagizwa Mwanza, ikaja si yenyewe, ikarudishwa. Hamduni alifanya kazi ile bandani kwake, na Sabina alikuja kila siku kutoka Guta akakaa kwenye tairi lilelile akitazama kila nati inapoingia. Habari zilikuwa zimetangulia kufika sokoni. Watu walipita bandani wakimsalimia kwa kupaza sauti na kutamka polepole kama wanaomsalimia mgeni kutoka nje, naye akawaitikia. Mwamvita alisema nyumba imekuwa nyepesi. Hamduni alisema yeye anaona imejaa kelele, na wakacheka.

Wiki ya tatu ya Novemba, mvua ilishanyesha mara mbili, Masatu aliliingiza trekta kwenye shamba la Guta. Hamduni alikuja kuona gia inavyokaa. Shamba lile lina mteremko upande wa chini, unaoelekea ziwani, na ndio uliokuwa ukimnyima usingizi. Wale wakwe wawili wazee waliletewa viti, wakaketi kando ya shamba wamevaa nguo za kanisani ingawa ilikuwa Jumatano.

Trekta lilishuka na plau ikizama sawasawa, udongo mweusi ukigeuka. Hamduni alitembea kando yake, hatua kwa hatua, kiganja kikielea karibu na giaboksi. Gia ya pili ilikaa. Masatu akageuza chini, akapanda, akashuka tena, na tena ikakaa. Kwenye shamba la pili majirani walikuwa wanalima kwa ng'ombe, wakasimama kutazama.

Sabina alikuwa juu kwenye ukingo wa shamba. Akasema jambo. Hamduni aliona midomo ikicheza, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Kwa nguvu, mama! Sijakupata!"

Sabina alisita. Ni jambo ambalo alikuwa amelibeba tangu Butiama, na mtu angependa kulisema chini kwa chini, wakiwa wawili. Alitazama wakwe zake, akatazama majirani waliosimamisha ng'ombe wao. Kisha akakusanya mikono mdomoni.

"Nimesema, siku ile ungeniambia ni zima, ningeamini! Ningenunua vilevile! Nisingeuliza kitu!"

Kila mtu alisikia, kuanzia kwa wazee kwenye viti mpaka kwa majirani na ng'ombe wao. Masatu juu ya usukani alisikia, akapunguza mafuta.

Hamduni alisimama katikati ya mtaro mpya, udongo umemfika vifundoni. Machozi yalimjia, hakuyafuta.

"Najua!" alijibu kwa sauti yake yote. "Najua, mama!"

Sabina akaitikia kwa kichwa, akamwashiria Masatu aendelee, maana zilikuwa zimebaki ekari nane.